Penzi la zamani kwa msomaji wa Lubumbashi: riwaya nne, uanze na ipi?

Likelemba yetu, yaani kikundi cha kuchangishana kwa zamu, ina wanawake watano. Wengine mjini huchangia sahani, vitenge au sufuria. Sisi tunachangia vitabu. Mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa franka zake, mwenye zamu ananunua kitabu kimoja, halafu kitabu hicho kinazunguka nyumba zote tano, kutoka Kamalondo hadi Katuba, kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Kilichotuunganisha ni kwamba wote tunapenda hadithi za mapenzi ya zamani. Tunataka barua iliyofichwa kwenye nguo, mfalme mwenye wivu, safari ya miezi, na watu wawili wanaotafutana katikati ya hayo yote.

Mwezi huu zamu ni ya mdogo wetu, aliyeingia mwaka jana. Ana pesa ya kitabu kimoja na majina manne kwenye karatasi. Akaniuliza, "Yaya," ndivyo tunavyomwita dada mkubwa hapa kwetu, "nianze na ipi?" Nilitaka kumjibu papo hapo, nikashindwa. Zote nne nimezisoma, na kila moja ilinikuta katika hali tofauti ya maisha. Nimeona afadhali niziweke bega kwa bega, yeye na wengine walio kama yeye wachague wenyewe.

Zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni *Angélique, marquise des anges* ya Anne na Serge Golon, riwaya ya Kifaransa iliyofungua mfululizo mrefu katika miaka ya 1950. Ya pili ni *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi wa Zanzibar, ya mwaka 1999. Ya tatu ina jina refu kama safari yake: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*, ya Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe. Ya nne ni *Le Bel Immonde* ya V. Y. Mudimbe, mtoto wa Likasi, iliyotoka mwaka 1976. Mbili za Kifaransa, mbili za Kiswahili. Ndivyo alivyo msomaji wa hapa: shuleni alifundishwa kusoma kwa Kifaransa, nyumbani anacheka na kulia kwa Kiswahili.

Vipimo vyangu

Kipimo cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote: ni nani analizuia penzi? Katika hadithi ya mapenzi ya leo kizuizi mara nyingi kimo ndani ya wapenzi wenyewe. Huyu mwoga, yule mwongo. Katika hadithi ya zamani iliyoandikwa vizuri, kizuizi ni zama zenyewe: sheria, kanisa, ukoo, serikali, vita. Mimi huwa najiuliza: ningewachukua hawa wawili na kuwaleta Lubumbashi ya leo, shida yao ingeisha? Kama ingeisha, basi historia inafanya kazi ndani ya kitabu. Kama isingeisha, huenda mwandishi ameivalisha hadithi ya leo nguo za zamani tu.

Kisha nitatazama uzito wa historia yenyewe, lugha, jinsi ya kukipata kitabu, na mwisho hali ambayo kinauacha moyo wako, pamoja na mambo ambayo mama anapaswa kuyajua kabla ya kumpa binti yake.

Nani analizuia penzi

Angélique ni binti wa ukoo wa kikabaila uliofilisika huko Poitou, Ufaransa. Baba anamwoza kwa Joffrey de Peyrac, bwana wa Toulouse, tajiri, anayechechemea, uso umejaa makovu. Binti anaenda kwake akiwa na hofu, na mwandishi hana haraka ya kuiondoa hofu hiyo. Kurasa nyingi zinapita kabla mke hajageuka na kumpenda mumewe. Na penzi likishakomaa, ndipo Louis XIV anapoingia. Mfalme kijana hawezi kumvumilia mtu anayeng'aa kuliko yeye. Joffrey anakamatwa na kushtakiwa kwa uchawi, na ushahidi mmojawapo ni kwamba anajua kutoa dhahabu ndani ya mawe ambayo jicho halioni dhahabu yoyote.

Mtu wa Lubumbashi akifika hapo lazima asimame. Sisi tumekua chini ya bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, kando ya ule mlima mweusi wa mabaki yake. Kabla ya kiwanda, wazee wa Katanga walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo na kutengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Jiwe kuingia motoni na chuma kutoka, kwetu huo ni mshahara wa baba na karo ya watoto. Kusoma mahakama ya Paris ikimwita mtu mchawi kwa ajili ya kazi hiyohiyo kulinitia hasira ambayo msomaji wa mahali pengine labda haipati. Kurasa za kesi ile nimezirudia mara tatu.

Katika *Vuta N'kuvute*, Yasmin ni msichana wa Kihindi anayeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mzee wa makamo ya baba yake. Anatoroka. Jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika wa mtaa wa Ng'ambo, mcheshi, mkarimu, mpenda taarabu. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi na mawazo ambayo Waingereza hawayataki. Vizuizi vinapangana juu ya penzi lao kama magunia: jamaa, rangi, dini, kisha polisi. Lakini kizuizi kinachouma zaidi ni Denge mwenyewe. Anampenda Yasmin, na ana jambo jingine analolipenda pia, nalo ni uhuru wa nchi yake. Mwanamke anayempenda mwanaume wa namna hiyo anashindana na mpinzani asiye na mlango wa kufuatwa na kutukanwa.

Kwa Kitereza hakuna mfalme wa kumtisha mtu wala polisi wa kubisha usiku. Myombekere na Bugonoka ni mume na mke, na wanapendana tangu mwanzo. Wanachokosa ni mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanachukia, wanakuja kumchukua binti yao. Sehemu kubwa ya mwanzo ni Myombekere akihangaika kumrudisha: safari za ukweni, maneno ya unyenyekevu, faini ya pombe ya ndizi anayopaswa kuitengeneza na kuipeleka. Angeweza kuoa mwingine. Anamtaka huyuhuyu.

Hapo kipimo changu kinagoma, na nimekubali kigome. Walete hawa wawili hapa kwetu leo, shida yao haiishi. Nani kati yetu hajaona ndoa ikisukumwa huku na huku kwa maneno ya mawifi kwa sababu mimba imechelewa? Kitereza hakuvalisha hadithi ya leo nguo za zamani. Sisi ndio bado tumevaa zile za Ukerewe.

Na Mudimbe? Kwake penzi linazuiwa na kitu kilicholala kitandani pamoja na wapenzi. Kuna msichana aitwaye Ya, anayeishi kwa baa na wanaume wa Kinshasa. Mpenzi wake ni waziri mwenye mke, watoto na gari la serikali. Nchi iko katika uasi wa miaka ya 1960, na watu wa kwao Ya wako upande wa waasi. Wanamtaka awapelekee siri za waziri. Humo kila busu ni swali: huyu ananipenda au ananipeleleza? Na jambo la kutisha ni kwamba wenyewe pia hawana hakika.

Historia: msingi au pazia?

Angélique anapita katika matukio ya kweli. Mwaka 1660 Louis XIV alimwoa Marie-Thérèse wa Hispania huko Saint-Jean-de-Luz, na riwaya inatupeleka hadi arusini. Barua moja yenye muhuri wa mfalme ilitosha kumtupa mtu gerezani Bastille bila kesi. Hilo nalo ni la kweli. Harufu za Paris, matope, vibaka, bei ya mkate, vyote vimechunguzwa. Ila mwanamke mmoja kuanguka hadi kwa wezi na kupanda tena hadi karibu na mfalme, hilo limetengenezwa ili tusifunge kitabu, na kweli hatukifungi.

Adam Shafi alizaliwa mwaka 1940, kwa hiyo Zanzibar ya miaka ya 1950 anayoiandika aliiona kwa macho ya kijana. Visiwa vilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890 hadi Desemba 1963, sultani yupo, Mwingereza ndiye mwenye neno. Historia haiji kwa tarehe. Inakuja kwa nani anaishi Mji Mkongwe na nani anaishi Ng'ambo, nani anaruhusiwa kuingia klabu gani.

Kitereza ndiye tajiri kuliko wote, na ndiye anayedai subira kuliko wote. Aliandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, kwa sababu aliona desturi za wazee wake zinapotea. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache mno kwa mchapaji, akalazimika kuigeuza kazi yake kwa Kiswahili, nayo ikachapwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Miaka 35 mswada ulingoja! Ndani yake utajifunza namna ya kulima, kuvua, kuaga mgeni, kutafuta dawa, kuzaa, kuzika. Wapo watakaosema hadithi inasimama ili kutoa somo. Mimi naona hadithi ndiyo hiyo. Penzi la Myombekere linaonekana katika jinsi anavyotengeneza pombe ya kumpelekea baba mkwe, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.

*Le Bel Immonde* iliandikwa kama miaka kumi tu baada ya mambo inayoyasimulia, na wengine watakataa kuiita riwaya ya kihistoria. Kwa aliyezaliwa baada ya 1980 ni historia kabisa, tena historia ambayo familia nyingi hazipendi kuisimulia mezani.

Kuna ya tano niliyoiacha nje, nayo ni *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Inafuata msafara wa biashara kutoka pwani kwenda bara kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Njia za misafara ya namna hiyo zilifika hadi Bunkeya kwa mfalme M'siri, na ni sehemu ya sababu ya sisi kuongea Kiswahili leo. Nimeiacha kwa kuwa penzi ndani yake linakuja kwa kuchelewa na halipewi nafasi kubwa. Ukipenda historia kuliko mapenzi, irudishe kwenye orodha.

Lugha

Hapa watu wengi wa kwetu wanakata tamaa mapema. Kiswahili cha vitabu si kile cha soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Sisi tunakula bukari, wao ugali. Sisi tunasema mutu, wao mtu. *Vuta N'kuvute* imejaa maneno ya pwani: buibui, lile vazi jeusi la kujifunika, baraza, kile kibao cha mawe nje ya nyumba ambapo watu huketi kuzungumza. Dawa yake ni kusoma kwa sauti. Mama yangu hakumaliza shule, lakini nilipomsomea sura ya kwanza jioni umeme ulipokatika, alielewa na akataka ya pili. Sikio linajua zaidi kuliko jicho. Mazungumzo ya Adam Shafi ni mepesi, yanakimbia. Baada ya kurasa 30 hutasikia tena kwamba ni Kiswahili cha mbali.

Kitereza ni mzito zaidi. Salamu ndefu, methali, majina ya mimea. Lakini mtu aliyekulia kijijini, awe Mbemba, Mluba au Msanga, atakuta mambo yanayomwendea moyoni hata neno likimpiga chenga.

Kifaransa cha akina Golon kinateleza. Msamiati wa mavazi na vyeo vya ikulu unachosha mwanzoni, uruke, utaurudia. Mudimbe ni mwingine kabisa. Msimulizi anabadilika bila kubisha hodi, huwezi kusoma ukiwa kwenye bisi huku konda anapiga kelele. Kitabu ni chembamba, hakifiki kurasa 200, lakini mimi kilinichukua muda mrefu kuliko Angélique na unene wake wote.

Kukipata

Angélique utamkuta kwa wauza vitabu vya okazi, vile vilivyokwisha kutumika, kurasa zimegeuka manjano, bei ya kuzungumza. Angalia kama juzuu ni kamili, maana matoleo mengine yaligawa kitabu cha kwanza vipande viwili na muuzaji ana kimoja tu. Mudimbe mtafute maktaba: Institut français pale mjini au chuo kikuu, ambako yeye mwenyewe alifundisha kabla ya kuondoka nchini. Vya Kiswahili vinahitaji mtu wa safari. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dar es Salaam na kurudi kwa barabara ya Zambia kupitia Kasumbalesa wanaweza kukubebea kitabu katikati ya mizigo. Mwandikie jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi, usimtegemee kukumbuka. Kitereza ndiye mgumu kuliko wote kumpata. Ukimwona, usimwache.

Kinachobaki moyoni, na kabla ya kumpa binti

Angélique anakuacha na njaa ya juzuu inayofuata. Ndani yake mna ukatili dhidi ya wanawake, mwingine wa kubakwa, na kwa maoni yangu msichana wa miaka 13 asikisome peke yake. Adam Shafi anaacha uchungu mtamu. Mna pombe na maisha ya usiku, yanasimuliwa bila kuwadharau watu wake. Mwisho wake siusimulii, nasema tu kwamba mdogo mmoja wa likelemba alinipigia simu usiku kunilaumu kwa nini sikumwonya. Mudimbe anakuacha na ubaridi wa muda mrefu, na ni kitabu cha mtu mzima. Kitereza anaongea wazi kuhusu mwili na uzazi kama bibi anavyoongea na mjukuu, na anakuacha umetulia.

Uchague ipi, kutokana na hali yako

Kama umechoka, kazi nyingi, unataka kitabu kikuchukue mbali na hapa na kisikurudishe hadi saa sita usiku, nenda na Angélique. Anamfaa pia anayetaka Kifaransa chake kipate mwendo bila kufungua kamusi.

Kama hujawahi kumaliza kitabu kizima cha Kiswahili na jambo hilo linakuuma, *Vuta N'kuvute* ndiyo mlango. Vilevile kwa yeyote aliyewahi kumpenda mtu mwenye kazi kubwa kuliko nyumba yake: mwanasiasa, mchungaji, mwanaharakati.

Mwenye ndoa inayongoja mtoto, nasita kumwambia asome nini, kwa sababu maumivu hayo nayajua kwa karibu katika ukoo wetu. Ila Kitereza ndiye mwandishi pekee kati ya hawa wanne aliyeketi na mume na mke kama hao kwa heshima, bila kumtupia mke lawama. Muda wake ni kiangazi, Juni au Julai, jioni za baridi, sura moja kwa siku. Anamfaa pia mzee anayesomewa na mjukuu. Usimchukue ukiwa na haraka.

Anayetaka kuielewa nchi hii, na yuko tayari kusoma ukurasa mmoja mara mbili, achukue Mudimbe. Wanafunzi wa chuo wanaosomea fasihi au historia watafaidi. Anayetafuta faraja asianze naye.

Kuna hali moja iliyobaki, nayo ni ya mdogo wetu mwenyewe. Baada ya kunisikiliza alisema, "Yaya, mimi nataka penzi la hapa. La Élisabethville." Ndilo jina la zamani la Lubumbashi. Nilimwambia hilo bado nami nalingoja. Nalifikiria kila ninapopita karibu na reli: mji ulioanzishwa mwaka 1910, wanaume walioletwa kutoka mbali kufanya kazi ya shaba, wake waliowafuata, Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma wakapigwa risasi uwanjani. Lazima mke mmoja alikuwa akimngoja mumewe jioni ile, bukari imefunikwa mezani. Kwa sasa nimemwonyesha maandishi ya mwaka 1965 yaitwayo *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, aliyoyakusanya André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Si riwaya, na mapenzi hayamo. Lakini yameandikwa kwa Kiswahili chetu wenyewe, jinsi tunavyokisema, na yanapatikana bure kwenye intaneti. Ameyahifadhi kwenye simu, anasoma kidogo kidogo kila asubuhi. Franka zake za mwezi huu amempa shangazi anayeondoka Jumatatu kwenda Dar es Salaam, pamoja na karatasi yenye jina la Adam Shafi kwa herufi kubwa.